Kukondesha A

Cheti mlichonipa siku ya kuagana nimekitundika jikoni, juu ya ndoo ya maji, mahali ambapo mvuke wa ugali utakimaliza polepole. Msinielewe vibaya. Keki ilikuwa nzuri na hotuba zilikuwa fupi. Lakini aliyechapa cheti kile, na ninamjua, alichagua herufi nene kama mihogo, ile "e" ya mwisho ikafumba jicho, na mimi Boke, niliyefundisha nusu yenu kushika kipanya, sasa ninasomeka "Boko". Nimestaafu kama kiboko wa pale ufukweni Homa Bay.

Ndiyo maana naandika haya, kwa nyinyi mlionirithi kiti na skana. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa duka letu lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine. Mshahara pia nitaupita, kama nao ulivyozoea kunipita. Nitazungumza juu ya herufi zilizonona na namna ya kuzikondesha bila kuziua. Mnadhani mnaijua kazi hiyo. Cheti changu kinasema vingine.

Nilifika Migori nikitoka kwetu Kehancha juu ya lori la tumbaku, na kwa wiki nzima nilinuka kama sigara ambayo sijawahi kuivuta. Nilikuwa nimeambiwa kuna mama wa Kiislamu kutoka Mombasa mwenye duka la uchapaji mjini, anatafuta msichana mwenye mwandiko mzuri. Huyo ndiye Bi Zuhura. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, buibui limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, anachonga muhuri wa mpira kwa wembe wa kunyolea. Hakuinua macho.

"Wajua kuandika?"

Nikasema ndiyo, mwandiko wangu unasifiwa hata na mwalimu mkuu.

"Mwandiko mzuri hata mlevi aweza kuwa nao asubuhi. Nakuuliza, wajua kuona?"

Sikujua jibu, nikanyamaza. Nadhani aliniajiri kwa sababu ya kule kunyamaza, na alikuja kujuta, maana sikunyamaza tena. Kiswahili hiki ninachowaandikia alinipa yeye, kwa kunigombeza. Nilifika na Kiswahili cha sokoni, kile cha "kitabu yangu" na "mtu mbili", na kila nilipokitoa alishika kifua kama mtu aliyeonjeshwa chai ya chumvi.

Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na taipureta mbili, mashine ya fotokopi iliyowashwa kwa dua, na kopo la wino mweupe wa kufutia. Kazi nyingi zililetwa zikiwa fotokopi ya fotokopi, na fotokopi nawaambia ni kama shangazi, kila ukipita kwake unatoka umeongezeka. Ukiitoa karatasi mara nne, herufi zimevimba hadi zinagusana mabega. Hapo ndipo Bi Zuhura alipochukua unyoya wa kuku, akauchonga ncha, akauchovya kwenye wino mweupe, akapita pembezoni mwa kila herufi akiimenya kutoka nje. Neno moja lilimchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Aliita kazi hiyo kukondesha, na mpaka leo sijapata neno bora zaidi.

Wiki yangu ya tatu aliniachia kadi za harusi peke yangu. Kijana aitwaye Ochieng alikuwa anamwoa msichana aitwaye Atieno, na baba wa msichana alikuwa ameandika majina yote mawili kwa mkono, kwa ile A ya duara ya shule za misheni za zamani, ambayo ni O yenye mkia mdogo upande wa kulia. Ilikuwa nene. Nikaikondesha kwa unyoya wangu, kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana, na ule mkia, uliokuwa mwembamba kuliko vyote, ukaenda wa kwanza. Nikatazama nilichobaki nacho. Kilikuwa kizuri, safi, cha duara. Nikachapa kadi zote.

Sasa, wale mliozaliwa upande wa ziwa mmeshaanza kucheka. Mimi ni Mkuria. Kwetu Boke ni msichana na Mwita ni mvulana, na hakuna herufi inayohitaji kuchunguzwa. Sikuwa na habari kwamba kwa Wajaluo jina hufuata saa ya kuzaliwa, na herufi ya kwanza ndiyo inayosema umezaa nini. Aliyezaliwa usiku akiwa wa kike ni Atieno, akiwa wa kiume ni Otieno. Nilikuwa nimewaalika watu wa tarafa nzima kushuhudia Ochieng akifunga ndoa takatifu na Otieno.

Padre alikuja dukani mwenyewe. Aliiweka kadi juu ya kaunta, akavua miwani, akauliza kwa upole sana kama kuna jambo ambalo askofu anapaswa kujulishwa.

Bi Zuhura alimpa soda. Alipoondoka aliniita, akachora herufi mbili kwenye karatasi. "Hii O ni mwanamume. Hii A imevaa sketi, ni mwanamke. Na huu mkia waliokuja nao wazee wa misheni ndio upindo wa sketi. Wewe mwana umemvua mtoto wa watu sketi mbele ya kanisa." Kisha akanituma nyumba kwa nyumba kubadilisha kadi, kwa miguu, nikiomba radhi katika kila mlango. Bibi harusi mwenyewe alicheka hadi akaketi chini, akaomba abaki na kadi moja ya ile mbovu. Mama yake hakucheka, na ile kahawa aliyonipa ilikuwa na majivu, nina hakika.

Tangu siku hiyo sheria ya Bi Zuhura nikaishika. Mkia kwanza. Kabla hujamenya chochote, tafuta sehemu nyembamba kuliko zote katika herufi uilinde, kwa sababu unene hupungua kote sawasawa, na anayekufa kwanza ni mwembamba. Hata njaa hufanya hivyo.

Kompyuta ilipokuja ilifunikwa kwa leso kama maiti kwa miezi miwili, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mimi niliifunua. Nilijifunza programu ya picha kwa kubonyeza kila kitu na kuomba Mungu, na siku moja nikagundua kwamba ndani ya ile mashine yupo Bi Zuhura na unyoya wake. Unaskani karatasi. Unaiambia programu ichague weupe wote. Kisha unaiambia ipanue weupe huo kwa pikseli moja, ile nukta ndogo kabisa ya picha, na weupe unakula weusi kutoka pembezoni, neno lote kwa mara moja. Nilimwita aone. Alitazama ukurasa mzima ukikonda kwa kufumba na kufumbua, akauliza, "Na mkia yaujua?"

Haiujui. Andikeni hilo mahali. Programu haijui mkia wala sketi, yenyewe inakula tu.

Wateja nao walikuwa na misimamo. Kundi moja la wachimbaji dhahabu kutoka Osiri lililetwa na mwenyekiti wao, mtu wa vumbi jekundu hadi kwenye kope, akataka bango la shimo lao kwa herufi nene kupita zote tulizonazo. Nikamwambia zikinenepa hivyo matundu yataziba, a na e na o zitakuwa madoa matatu ya undugu mmoja. Akaniambia, "Madam, maandishi nyembamba ni ya watu wamefilisika." Nikamtengenezea alichotaka. Nilipita pale baada ya muda, bango liko juu, na wote wanalisoma vizuri kabisa, kwa kuwa wanajua lilivyoandikwa. Nilijifunza kwamba watu wengi hawasomi, wanakumbuka.

Bi Zuhura alifungua duka la pili Homa Bay akanipeleka huko, kisha magoti yakamrudisha kwao Mombasa, na mpwa wake ndiye mnayemwita bosi. Miaka ya Homa Bay ilikuwa hasa miaka ya mazishi. Si kwa ubaya. Mjaluo hazikwi bila programu ya mazishi, kijitabu chenye picha ya rangi, wasifu, orodha ya watoto na wajukuu, na mpangilio wa hotuba ambao hakuna atakayeufuata. Nimekondesha hati za ubatizo, barua za mapenzi za wazee, na kitambulisho kimoja ambacho kilikuwa kimefuliwa ndani ya suruali.

Mazishi ninayotaka kuwasimulia ni ya wiki zangu za mwisho, na baadhi yenu mlikuwepo mkijifanya mnapanga karatasi.

Ilikuwa Alhamisi. Nilipofika kufungua, nilimkuta mwanamke wa makamo ameketi kwenye benchi la nje, kitambaa kichwani, mkoba magotini. Alisema ametoka Oyugis na gari la kwanza.

"Programu ya Mzee Okelo imeshachapwa?"

Nikamwambia bado, wenyewe wanakuja. Akasema atangoja. Nikamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Akatazama barabarani kidogo.

"Hiyo ndiyo nimekuja kujua," akasema.

Wenyewe walifika wawili, ndugu wa marehemu, mzee mrefu mwenye kofia ambaye kila mtu alimwita Jaduong', yaani mzee, na binti mkubwa wa marehemu, Akinyi, mwalimu. Jaduong' alimwona yule mwanamke, akamsalimu kwa kidevu, akapita. Walileta picha, wasifu, na kipande cha boksi la dawa. Mzee Okelo, siku zake za mwisho hospitalini, sindano ya maji mkononi, alikuwa ameazima kalamu nene ya wino kwa nesi akaandika kwa mkono wake majina ya watoto wake. Familia ilitaka mwandiko huo uwekwe kwenye jalada la nyuma. Lakini boksi lilikuwa limenyonya wino, na herufi zilikuwa zimevimba hadi zinatisha. Walitaka nizikondeshe zisomeke.

Majina yalikuwa manne. Akinyi, Ouma, Omolo. La nne lilikuwa nene kuliko yote, na mbele yake palikuwa na doa la duara, kisha "dhiambo".

"Hiyo ni Odhiambo," akasema Jaduong'. "Kijana yangu. Marehemu ndiye alimsomesha, alikaa kwake tangu darasa la tatu. Alimhesabu kama mtoto."

Kutoka kwenye benchi, mwanamke akasema bila kusimama, "Mimi naitwa Adhiambo."

Hapo nikaelewa jambo lote, na hata nyinyi mkaacha kupanga karatasi. Mzee Okelo alikuwa amezaa upande wa Oyugis, zamani, na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti. Jumamosi watoto wangeitwa kwa majina kusimama kando ya kaburi la baba yao, kama yalivyo kwenye programu. Ama angekuwa mmoja wao, ama angekuwa mgeni aliyekuja kula.

"Mimi sijakuja kugombana," akasema. "Nataka tu kuona vile aliandika."

"Madam, weka O tumalize," Jaduong' akaniambia. "Si unaona iko round? Watu wa tent wananingoja."

Nitawaambieni kweli. Kwa mashine ile ningeweza kuifanya A au O, ningeweza hata kuifanya Q, na hakuna nabii angejua. Na niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya padre, kwa sababu kadi ya harusi hubadilishwa na mtu huzikwa mara moja.

Nikaskani. Nikawaambia wote wasogee waone kioo, naye Adhiambo akaja akasimama nyuma, mbali kidogo na wenzake. Kisha mimi, baada ya miaka yote hiyo na sheria yote ile, nikafanya ujinga. Mkono ulikuwa na haraka ya kumaliza lile jambo. Nikachagua weupe, nikaupanua pikseli tatu kwa mpigo. Majina yakakonda vizuri, safi kabisa. Doa la nne likafunguka likawa duara zuri.

"Odhiambo," akasema Jaduong', taratibu, akavua kofia kujipepea. "Si nilisema."

Adhiambo alifunga zipu ya mkoba wake.

Akinyi alikuwa ameinama karibu na kioo hadi pumzi yake inaweka ukungu. Akaweka kidole juu ya jina la kwanza.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikatazama. Tukatazama wote. Jina la kwanza lilisomeka Okinyi.

"Baba," akamwambia Jaduong', maana kwao ndugu wa baba ni baba, "kama huyu ni Odhiambo, basi mimi ni Okinyi. Nitafutieni suruali ya Jumamosi."

Mmoja wenu alicheka akajifanya amekohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa najisikia nimevuliwa sketi mimi mwenyewe. Nikarudisha nyuma kila kitu. Nikaskani boksi upya kwa ukubwa wa juu kabisa ambao skana ile kongwe inaweza, ikalia kama mbuzi. Nilitaka hivyo kwa sababu picha ikiwa kubwa pikseli moja ni tonge dogo, na mwenye kula kwa tonge dogo huona anapofika. Nikapanua weupe pikseli moja. Nikatazama mikia. Moja tena. Nikatazama. Mkia wa Akinyi ukajitenga upande wa kulia, mfupi, umepinda. Wa Ouma na Omolo haukuwepo. Nikashuka jina la nne. Mkia ulikuwepo. Ulikuwa umelala ubavuni mwa duara, mnene kuliko wa Akinyi, umepinda vile vile.

"Ni A," nikasema.

Jaduong' akavaa kofia. "Hiyo ni wino imemwagika. Angalia vile ni nene. Pengine alikuwa anaifuta. Mimi nalinda mama ya nyumbani, hajui mambo haya."

"Mama anajua," akasema Akinyi. "Ni wewe ndiye hujui kama anajua."

Lakini swali la unene lilikuwa la haki, na hata mimi lilikuwa likinisumbua. Boksi ni moja, kalamu ni moja. Kwa nini jina hili limenona kuliko mengine? Nikaacha kukondesha. Nikairudisha picha ilivyokuwa, nikaongeza mwanga kidogo kidogo, kwa sababu wino ukipitiwa mara mbili huwa mweusi zaidi pale mistari inapopandana. Majina matatu ya juu yakafifia yakawa kijivu, yote sawa. La nne likafifia, na ndani yake ukabaki mstari wa pili, mweusi, umefuata wa kwanza herufi kwa herufi, ukitoka nje kidogo hapa na pale, kama gurudumu lililorudi kwenye njia ile ile baada ya mvua. Ulianzia kwenye duara, ukashuka kwenye mkia, ukaenda hadi mwisho. Hakuwa amefuta kitu. Alikuwa ameliandika jina, halafu, na mkono wake ule uliokuwa na sindano ya maji, akaanza tena mwanzo akaliandika juu yake.

Niliwaeleza hivyo hivyo nilivyoona. Wengine wameandikwa mara moja. Huyu ameandikwa mara mbili.

Jaduong' hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tent ya kusimamisha na siri ya kaka yake aliyoibeba miaka mingi, na sasa aliyempa mzigo huo ameutua mwenyewe. Alimtazama Adhiambo kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama paji la uso na masikio, kama mtu anayesoma.

"Nyar owadwa," akasema. Binti wa ndugu yetu. Kisha akaniambia, "Andika. Na kijana yangu uweke kwa wapwa, hatakasirika."

Akinyi tayari alikuwa amemsogezea Adhiambo kiti. Walikaa wakirekebisha wasifu pamoja, wakibishana kwa sauti ya chini ni nani kati yao ana miguu ya mzee. Nilianza kuandaa jalada la nyuma. Nikakondesha Akinyi, nikakondesha Ouma na Omolo, mkia kwanza, pikseli moja moja, na nilikuwa naweka mkono kwenye la nne Adhiambo aliponigusa bega.

"Hilo langu," akasema, "usiligeuze. Liache tu na unene wake."

Nikamwambia halitasomeka vizuri, kwenye karatasi ndogo lile tundu litaziba, watu watadhani ni O.

"Wacha wadhani," akasema. "Mimi nimeona."

Nikaondoa mkono. Ile programu ikachapwa hivyo, majina matatu membamba na moja limenona, na ndiyo A pekee katika kazi yangu yote niliyoiacha kama nilivyoikuta.